UZI: Mnaohamia nje ya nchi na familia, muulizeni kwanza yule asiye na mkataba

MizigoMitatu (mwanzisha uzi)

Wakuu, heshima kwenu.

Kila baada ya siku chache kuna mtu anaingia humu na swali lile lile: nimepata kazi nje, nahama na mke na watoto, nianzie wapi? Na majibu ni yale yale: beba nguo za baridi, nunua adapta ya umeme, ukifika tafuta wenzako. Sikatai. Ila mimi nimehama nchi mara 3 ndani ya miaka 11, na mara zote nilikuwa yule anayefuata, si yule aliyepata kazi. Kuna upande wa safari hizi ambao hausemwi mpaka maji yamefika shingoni, kwa hiyo leo natupia uzi. Utakuwa mrefu, mwenye haraka apite salama.

Tuko wanne. Mume, mimi, binti yetu aliyehama mara ya kwanza akiwa na miaka 2, na mdogo wake aliyezaliwa katika nchi ya pili. Nchi zenyewe sizitaji, kwa sababu nikizitaja tu mtaanza kubishana kuhusu nchi na uzi utakufa.

Ofa ya kwanza ilipokuja tuliketi mezani tukaisoma pamoja. Mshahara, nyumba, tiketi, bima ya afya. Furaha tupu. Ukurasa wa 6 kulikuwa na mstari mmoja: mwajiri atagharamia viza za wategemezi. Tegemezi mkubwa nilikuwa mimi, mtu mwenye taaluma na miaka 8 kazini. Nikausoma ule mstari nikaona ni habari ya tiketi, tukageuza ukurasa.

Miezi mitatu baada ya kufika nikapeleka maombi ya kazi. Dada wa mapokezi alichukua kadi yangu ya ukaaji, akaigeuza, akaniwekea kidole kwenye maandishi madogo upande wa nyuma: haruhusiwi kuajiriwa. Nilikuwa natembea na ile kadi kwenye pochi siku zote hizo na sikuwahi kuigeuza.

Nilikaa hivyo miaka 3. Si kwamba nililia kila siku, hapana. Lakini akaunti ya benki ilikuwa ya kwake, mimi nina kadi ya nyongeza. Mkataba wa nyumba jina lake. Laini ya simu jina lake. Hata kufungua kesi ya bomba linalovuja niliambiwa mwenye mkataba apige mwenyewe. Mtu aliyekuwa anasimamia bajeti ya idara nzima, sasa anasubiri mume atoke kikaoni aje aseme kwenye simu "ndiyo, huyo ni mke wangu, msikilizeni."

Ndiyo maana nasema: kabla hamjaangalia mshahara, angalieni kibali cha yule mwingine. Na sheria hazifanani hata kidogo. Ujerumani, mwenza aliyekuja kwa njia ya kuunganisha familia anaruhusiwa kufanya kazi akishapata kibali chake. Singapore, tangu Mei 1, 2021, mwenye pasi ya mtegemezi akitaka kuajiriwa lazima mwajiri amwombee pasi ya kazi ya kwake mwenyewe. Marekani ndiyo usiseme: mwenza wa mwenye viza ya L-1 (mfanyakazi anayehamishwa na kampuni yake) tangu Novemba 2021 anafanya kazi kwa hadhi yake tu bila kuomba kitu kingine, lakini mwenza wa mwenye H-1B (viza ya mtaalamu aliyeajiriwa huko) kwa kawaida anasubiri mpaka mwenzake afike hatua fulani ya maombi ya ukaazi wa kudumu, na hata nafuu hiyo ilianza 2015. Uingereza, mwenza wa mfanyakazi mwenye viza ya ujuzi anafanya kazi vizuri tu, ila wahudumu wa matunzo walioingia kwenye viza hiyo tangu Machi 11, 2024 hawakuruhusiwa kuja na familia. Nchi moja, viza mbili, familia mbili zenye maisha tofauti kabisa.

Hii ni mifano, na sheria za uhamiaji hubadilika kama hali ya hewa. Soma tovuti ya serikali ya nchi unayokwenda, siku unayoomba, usitegemee uzi wa mtu wa mtandaoni, ukiwemo huu.

Swali la pili la kumuuliza mwajiri, na hili watu wanaona aibu kuliuliza: kazi ikikatika, familia ina siku ngapi? Kibali cha watu wanne kinaning'inia kwenye ajira ya mtu mmoja. Marekani mwenye H-1B akiachishwa anapewa muda usiozidi siku 60. Siku 60 za kufunga nyumba, kutoa watoto shule katikati ya muhula na kuuza gari. Tiketi za kurudi nani analipa? Iandikwe. Kwa mdomo hata mimi naweza kukuahidi ndege.

Karatasi nitazieleza mtu akiuliza, maana hapo napo pana kisa.

---

Msafiri_Mpya

Natia kambi hapa. Dada umenigusa, sisi tunaondoka baada ya miezi 5, mimi ndiye mwenye kazi, mke na watoto 2. Kusema kweli hilo la kibali cha mke sijauliza, nilijua ni moja kwa moja. Hebu fafanua karatasi. HR (ofisi ya waajiriwa) wameniambia vyeti viwe na "apostili", nikaitikia tu.

---

MizigoMitatu

Mkuu, wengi huitikia tu. Apostili ni kicheti kinachobandikwa au kuambatishwa kwenye hati yako ili nchi nyingine iipokee bila kuipeleka ubalozini. Chanzo chake ni mkataba wa The Hague wa Oktoba 5, 1961. Inatolewa na mamlaka ya nchi ILIYOTOA hati, si nchi unayokwenda. Watu wanafika ugenini na cheti kikavu, wanaambiwa wakirudishe kilikotoka.

Halafu jua inathibitisha nini. Inathibitisha kwamba saini na mhuri ni vya ofisa kweli. Haisemi kwamba yaliyomo ndani ni sahihi. Cheti chenye kosa kikipata apostili kinabaki cheti chenye kosa, ila sasa kosa limepambwa.

Nchi yako au unayokwenda ikiwa haimo kwenye mkataba, unarudi kwenye njia ya zamani: mthibitishaji, kisha wizara ya mambo ya nje, kisha ubalozi wa nchi unayokwenda, kila dirisha na mhuri wake. Nchi zinaendelea kujiunga. China imeingia Novemba 2023, Kanada Januari 2024. Kwa hiyo usifuate maelezo ya rafiki aliyehama miaka 6 iliyopita.

Tafsiri fanya mwishoni, baada ya apostili, kwa sababu nchi nyingi zinataka na ile apostili yenyewe itafsiriwe. Na wengi hawakubali tafsiri ya mtu yeyote tu, wanataka mfasiri aliyeapishwa au aliyesajiliwa kwao. Sisi tulitafsiri mara mbili, pesa ikaenda mara mbili.

Sasa kisa. Binti yangu kwenye cheti cha kuzaliwa ana herufi moja zaidi kuliko kwenye pasipoti. Herufi MOJA. Nyumbani hakuna aliyewahi kuiona, shule wala hospitali. Ofisa wa viza aliiona ndani ya dakika 2. Kwake hao walikuwa watoto wawili: mmoja mwenye cheti kinachoonyesha mimi ni mama yake, mwingine mwenye pasipoti anayetaka kusafiri na mimi. Mume akatangulia. Mimi na binti tukabaki miezi 4 tukifuata marekebisho. Siku tuliyofika, mtoto alimwamkia baba yake kwa heshima kama mgeni.

Kaeni chini leo usiku, mtoe vyeti vyote na pasipoti zote mezani, msome majina herufi kwa herufi. Yenu wazazi pia, hasa mke aliyebadili jina la ukoo baada ya ndoa. Tazama na tarehe za mwisho za pasipoti: nchi nyingi zinataka iwe na angalau miezi 6 mbele, na pasipoti za watoto mara nyingi huishi miaka 5 tu wakati ya mtu mzima ni 10. Hati ya polisi ya kutokuwa na makosa iache mwisho, huwa inachakaa ndani ya miezi michache. Chanjo ya homa ya manjano ndiyo raha pekee: tangu Julai 11, 2016 kile cheti hakiishi muda, ukichanja mara moja ni maisha. Ila kinaanza kutambulika siku ya 10 baada ya sindano, usichanje jioni ya safari.

---

Mkimya

Mnatisha watu. Mimi nilihama na begi moja, nikafika, nikaishi. Mambo mengi hujipanga yenyewe.

---

MizigoMitatu

Ulihama na watoto wangapi mkuu?

---

Mkimya

Nilikuwa kijana, sina mtu.

---

Bandarini

😂😂 Kesi imeisha.

Mimi nafanya kazi za kusafirisha mizigo ya nyumbani kwa meli, ngoja nichangie kwenye eneo langu. Kontena la futi 20 lina nafasi ya kama mita za ujazo 33 ndani, la futi 40 kama 67. Familia nyingi zenye vyumba 2 au 3 zinaingia kwenye la futi 20 zikipanga vizuri. Mzigo mdogo unaweza kuchanganywa na wa wengine kwenye kontena moja, bei inashuka, lakini unasubiri mpaka lijae, na huko mwisho unasubiri tena ligawanywe.

Ushauri wangu utanipunguzia wateja: acheni makochi. Mtu analipia kusafirisha kochi, linafika wiki ya 11, halipiti mlangoni. Beba vitanda vya watoto kama ni vidogo, vitabu vyao, picha na vitu ambavyo havinunuliki. Vyombo vya umeme angalieni volti kwanza. Japani ni 100, Marekani 120, Ulaya 230. Pasi ya 120 ukiichomeka kwenye 230 itapasi mara moja tu.

Forodha. Nchi nyingi zinakusamehe ushuru wa vitu vya nyumbani ukihamia, lakini kwa masharti. Umoja wa Ulaya kwa mfano unataka uwe umeishi nje ya umoja angalau miezi 12, vitu uwe umevimiliki na kuvitumia angalau miezi 6, uviingize ndani ya miezi 12 tangu uhamie, na usiviuze wala kuazimisha kwa miezi 12 baada ya hapo. Yule anayenunua friji mpya wiki ya mwisho "kwa sababu huku ni rahisi" ndiye anayekuja kulipa ushuru. Na orodha ya vitu iandike vizuri kwa kila boksi. Boksi lililoandikwa "vitu mbalimbali" ndilo linalofunguliwa la kwanza.

La mwisho, ambalo hakuna anayeniamini mpaka nitaje Ever Given. Mnaikumbuka ile meli iliyokwama mfereji wa Suez Machi 2021? Ilinasuliwa baada ya siku 6, lakini iliendelea kushikiliwa huko mpaka Julai, na mwenye meli akatangaza kitu kinachoitwa hasara ya pamoja. Ni sheria ya kale ya bahari: gharama za kuokoa meli wanachangia wenye mizigo wote, hata ambaye boksi lake halikuguswa. Ukiwa na bima ya baharini, bima inabeba. Usipokuwa nayo, unatoa mfukoni ndipo ukabidhiwe mzigo wako. Bima si mahali pa kubania.

---

BabaMapacha

Dada mwanzisha uzi, nakuheshimu, lakini kuna mahali unaandika kama vile shemeji alikuficha kitu. Na mimi nina haki ya kusema kwa sababu mimi ni mfuataji kama wewe. Mke ndiye aliyepata kazi. Mimi nikaacha yangu, nikaenda na mapacha wa miaka 4.

Kibali cha kazi nilikuwa nacho, tena tangu siku ya kwanza. Na bado ilinichukua mwaka na nusu kupata kazi. Kwa hiyo kibali peke yake si dawa. Tatizo langu lilikuwa mawazo. Saa 3 asubuhi watoto wako shule, mke yuko kazini, nimeosha vyombo, nimekaa kwenye nyumba ambayo sijui hata swichi ya maji moto iko wapi. Nilikuwa namngoja mke arudi ili nipate mtu mzima wa kuongea naye, na yeye anarudi kachoka kuongea. Tulianza kugombana kwa ajili ya vitu vya kijinga. Siku moja tuligombana kuhusu mfuniko.

Fomu ya shule ilikuwa na nafasi ya namba ya mama ipigwe kwanza. Nikaandika yangu. Wakampigia mke. Kila mara.

Kilichoniokoa ni kwamba niliacha kutafuta kazi ile niliyoiacha. Nilianza kwa kozi ya lugha, asubuhi, mara 4 kwa wiki. Sikuwa hodari, lakini nilikuwa na mahali pa kwenda nikiwa nimevaa viatu. Anayebaki nyumbani apate sababu ya kutoka ndani ya wiki ya pili, hata kama ni kujitolea bila malipo (hakikisheni tu kibali kinaruhusu kujitolea, kuna nchi hilo nalo linahesabiwa kazi).

---

MizigoMitatu

Kaka umeandika kweli tupu, na lile la kumlaumu mume nalipokea. Hakunificha. Wote wawili tulisoma ule mstari, wote wawili tukageuza ukurasa. Ila matokeo ya kugeuza ukurasa yaliangukia upande mmoja.

Hilo la mfuniko nimecheka mpaka watoto wameuliza. Sisi letu lilikuwa taulo.

Kuna mwanaanthropolojia, Kalervo Oberg, aliyeandika mwaka 1960 kuhusu mshtuko wa utamaduni: kwanza fungate, kila kitu kizuri, halafu unachukia kila kitu, halafu polepole unazoea. Ninachoweza kuongeza ni kwamba ndani ya nyumba moja kila mtu yuko kwenye kituo chake. Mume alikuwa fungate, mimi nimeshaanza kuchukia, binti ndiye kwanza anaulizia lini tunarudi. Kwa hiyo mtu akisema "lakini leo hali ya hewa nzuri", unaweza kumrushia taulo.

---

SheriaKwanza

Nimesoma kimya, sasa niongeze jambo zito kidogo. Halipendezi kuandikwa kwenye uzi wa kuhama, lakini ndipo mahali pake.

Mkihama na watoto na kutulia, baada ya muda mahakama itahesabu kwamba makazi ya kawaida ya watoto ni huko mliko, si mlikotoka. Ndoa ikiyumba, mzazi mmoja hawezi kuwabeba watoto na "kurudi kwetu" bila ridhaa ya mwenzake au amri ya mahakama. Mkataba wa The Hague wa Oktoba 25, 1980 unahusu hilo hasa: mtoto aliyeondolewa isivyo halali anarudishwa kwenye nchi ya makazi yake ya kawaida, na suala la nani akae naye linaamuliwa huko. Wapo wazazi, wengi wao ni yule mfuataji asiye na kazi, ambao ndoa imekufa, kibali chao kinategemea ndoa hiyo hiyo, na watoto hawawezi kuondoka nao. Uraia wa mtoto hausaidii, kinachotazamwa ni makazi.

Sisemi msihame. Nasema mzungumze mkiwa bado mnapendana. Mkubaliane kwa maandishi ni muda gani, na nini kitafuata ukiisha. Mwanasheria wa familia wa nchi mnayokwenda atawaambia maandishi hayo yana uzito kiasi gani kwao.

Jepesi zaidi: mzazi akisafiri peke yake na mtoto, abebe barua ya ridhaa ya mwenzake iliyothibitishwa na nakala ya cheti cha kuzaliwa. Mipaka mingi wanauliza, hasa majina ya ukoo yakitofautiana.

Kodi nayo msiisahau. Watu wanakariri "siku 183" kama dua, kwamba ukikaa nchi siku hizo kwa mwaka ndipo unakuwa mkazi wa kodi huko. Ni kipimo kimoja tu. Nchi mbili zikikudai kwa pamoja na zina mkataba wa kodi wa mtindo wa OECD (shirika la ushirikiano wa kiuchumi la nchi nyingi tajiri), zinatazama kwa mfuatano: nyumba yako ya kudumu iko wapi, kiini cha maisha yako kiko wapi, unakaa wapi kwa kawaida, kisha uraia. Familia ikibaki na wewe umetangulia, kiini cha maisha kinaweza kuhesabiwa kimebaki na familia. Na raia wa Marekani anatoa taarifa ya mapato Marekani popote alipo duniani.

---

MwalimuWaDarasa

Nafundisha darasa lenye watoto kutoka nchi nyingi. Wazazi huniuliza jambo moja: mtoto atashika lugha lini?

Lugha ya uwanjani, ya kucheza na kugombania mpira, kwa kawaida huja ndani ya miaka 2 hivi. Lugha ya darasani, ya kueleza kwa nini chuma hushika kutu au kuandika insha, huchukua kama miaka 5 hadi 7. Jim Cummins, mtaalamu wa elimu ya lugha mbili, alitenganisha hizi mbili tangu 1979, na mimi naiona kila mwaka. Mzazi anamsikia mtoto anaongea kama mzaliwa, anashangaa alama za sayansi ziko chini, anasema mtoto amekuwa mvivu. Mtoto si mvivu. Anasoma sayansi na lugha kwa wakati mmoja, kwa muda ule ule ambao mwenzake anasoma sayansi tu.

Na kuna watoto wanaonyamaza. Wiki, miezi. Nilikuwa na mmoja aliyekaa muhula mzima bila neno, nikamwekea penseli za rangi kila asubuhi na kumsalimu kwa jina. Siku aliyofungua mdomo alisema sentensi nzima, kumrekebisha mwenzake aliyekosea hesabu. Alikuwa anasikiliza muda wote.

Jambo ninalowaomba wazazi: msiache lugha yenu nyumbani. Wengi wanageuka usiku mmoja, wanaanza kuongea na watoto lugha ya shule, tena lugha ambayo wao wenyewe hawaiwezi vizuri. Mtoto anapoteza mahali pekee alipokuwa na maneno ya kutosha. Nyumbani simulieni, tanieni, gombezeni kwa lugha yenu. Lugha ya shule sisi tutaifanya.

Kalenda za shule: nchi nyingi za kaskazini zinaanza Septemba, Australia mwishoni mwa Januari, Japani Aprili. Mtoto anaweza kupoteza nusu mwaka au kurukishwa nusu. Kama mnajua mtahama tena, ulizeni mtaala unaohamishika. Programu za International Baccalaureate, iliyoanzishwa Geneva mwaka 1968, zina faida hiyo, ingawa ada zake si za kila mtu. Na mkubwa aliye miaka 2 kabla ya mtihani wa mwisho, fikirini mara tatu kumhamisha.

---

Mama_wa_Mbwa

Najua mtanicheka, lakini mbwa ni familia. Sisi mbwa alituchelewesha kuliko watoto. Tulimchanja kichaa cha mbwa, kisha tukamwekea chipu (kidude cha utambulisho chini ya ngozi). Kosa! Kwa Umoja wa Ulaya, chanjo iliyotangulia chipu haihesabiwi, kwa sababu hakuna uthibitisho kwamba aliyechanjwa ndiye huyo. Tukaanza upya: chipu, chanjo, subiri angalau siku 30, kipimo cha kinga kwenye damu kifike angalau 0.5 IU/ml, halafu subiri miezi 3 tangu damu ilipochukuliwa (hii ni kwa mnaotoka nchi ambazo hazimo kwenye orodha yao). Mwenye mbwa aanze na mbwa, ndiyo niliyokuja kusema.

---

Bandarini

Mbwa alisafiri na kochi?

---

Mama_wa_Mbwa

Alisafiri vizuri kuliko mimi. Mimi nilikuwa kiti cha katikati.

---

MizigoMitatu

Naongezea dawa, kwa kuwa tuko kwenye afya. Dawa ya kawaida ya daktari wako inaweza kuwa haramu uendako. Japani hawaruhusu dawa zenye amfetamini hata ukiwa na cheti cha daktari, kwa hiyo mzazi mwenye mtoto anayetumia dawa za umakini aulize mapema. Falme za Kiarabu wanataka kibali kwa dawa zenye kodeini. Beba kwenye vifungashio vyake, na barua ya daktari yenye jina la kitaalamu la dawa, si jina la biashara.

---

Msafiri_Mpya

Wakuu, mrejesho baada ya wiki 2. Nilimwandikia mwajiri swali la kibali cha mke. Kwanza walijibu kwamba "familia itashughulikiwa." Nikauliza tena kama dada alivyosema: anaruhusiwa kuajiriwa, ndiyo au hapana, na imeandikwa wapi? Ikachukua siku 4. Jibu ni ndiyo, ataruhusiwa, lakini baada ya kadi yake kutoka, na kadi inaweza kuchukua wiki kadhaa baada ya kufika. Wamekubali kuiandika kwenye barua, pamoja na tiketi za kurudi za watu wanne kama mkataba ukivunjwa.

Majina tumeyasoma. Mtoto wa pili, cheti kina jina la kati, pasipoti haina. Tumeshaanza kufuatilia.

Kuna mtu mwingine anataka kuuliza, anatumia akaunti yangu.

---

Msafiri_Mpya

Habari zenu. Mimi ndiye mke. Nimeusoma uzi wote usiku mmoja. Mimi ni muuguzi, miaka 9. Kila mtu ananiambia wauguzi wanahitajika kila mahali, nitaanza kazi nikifika tu. Ni kweli?

---

MizigoMitatu

Karibu mdogo wangu. Kuhitajika ni kweli. Kuanza ukifika tu si kweli karibu popote. Kibali cha uhamiaji ni kitu kimoja, usajili wa taaluma ni kingine, na ofisi hizo mbili hazijuani. Ujerumani watataka elimu yako itambuliwe kwanza, na lugha, kwa kawaida kiwango cha B2 (juu ya wastani). Uingereza una mitihani ya kupita kabla ya kusajiliwa. Na taaluma yako inahesabu saa. Kule Uingereza muuguzi aliyesajiliwa anaonyesha saa 450 za kazi ndani ya miaka 3 ili aendelee kubaki kwenye daftari. Ukikaa nyumbani muda mrefu, saa zinakukimbia.

Ukiwa bado uko huko, ambako kila mtu anakujua, omba barua ya hadhi njema kutoka baraza lako la uuguzi. Mara nyingi inatakiwa itumwe moja kwa moja kutoka baraza kwenda baraza, haipiti mkononi mwako. Omba chuo chako maelezo ya masomo yenye idadi ya saa za darasani na za wodini. Waajiri wako wote wa miaka hii 9 wakuandikie barua zenye tarehe, idara na saa. Hospitali ikibadilisha mkuu wa wauguzi ukiwa mbali, hutampata wa kukusainia.

Mimi niliyafanya haya kwa simu nikiwa nchi nyingine, kwa tofauti ya saa 7. Sikutakii.

---

Msafiri_Mpya

Nashukuru dada. Ya chuo nimeshaiandika hapa nilipo, ya baraza naipeleka Jumatatu mwenyewe. Mume yuko sebuleni na futi, anapima kochi.

---

Bandarini

Mwambie aliache.